Usicheke Mbele Yao

"Mto mliuvuka saa ngapi?"

"Aabo, hawataniuliza habari za mto."

"Jibu."

"Asubuhi," Hani akasema, ingawa mto huo ulivukwa kabla hajazaliwa, na kazi aliyoitiwa ilikuwa ya kuendesha bembea katika bustani mpya ya michezo ya watoto huko Lodwar.

Kullow, baba yake, akaridhika. Kwake yeye, kama kwa wazee wengi wa Kakuma, mahojiano yalikuwa ya aina moja tu: unakaa mbele ya wageni wenye kompyuta, unasimulia ulivyokimbia kwenu, nao wanaamua kama utapelekwa ng'ambo au utabaki kambini. Siku moja alisema walivuka asubuhi, siku nyingine akasema jioni, na safari ya familia ikafia hapo. Tangu wakati huo akawa mwalimu wa mtaa mzima. Usibadilishe jibu. Usitazame dirishani. Na zaidi ya yote, usicheke mbele yao.

"Hii ni bustani ya michezo," Hani alisema. "Wanataka mtu mchangamfu. Mtu wa kucheka."

"Kucheka vipi?"

Akamwonyesha. Kullow akamkazia macho usoni kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Rudia."

Akarudia.

"Hapo umeanza na macho au na mdomo?"

Tangu mama yake afariki, Hani hakuwahi kumwona mzee huyu akicheka, hata siku ya mahafali yake. Sasa alikuwa akimchunguza nini?

"Nikiipata hii kazi, Aabo, utaniacha niende nikakae Lodwar?"

"Tumalize maswali kwanza."

Hilo ndilo lililokuwa jibu lake kila mara. Wala hakuwa mtu mbaya. Walibaki wawili tu katika nyumba yao ya mabati, naye akiondoka, mzee angebaki na redio. Lakini Hani alikuwa amesoma mpaka chuo kikuu, na tangu ahitimu kazi yake ilikuwa kupima mchele katika duka la jirani. Bustani hiyo ndiyo ya kwanza kumwita. Akiikosa, hakujua nani mwingine angemwita.

Kisha mzee akasafiri. Alisema anakwenda Lodwar kulipokea lori la Ridwan, rafiki yake mchukuzi. Alasiri hiyo hiyo Ridwan akapiga simu kumtafuta: lori lilikuwa limeharibikia Lokichar, na hakukuwa na mzigo wowote wa kupokewa Lodwar.

Kullow aliporudi, Hani hakuuliza kitu. Alitega masikio tu. Jumapili akamsikia nyuma ya nyumba akizungumza kwenye simu kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, bwana, ni binti yangu. Hapana, hajui. Tafadhali msimwambie."

Hani alipojitokeza, simu ikazimwa, na mzee akaanza kuulizia chai.

Hani alipopata kibali cha kutoka kambini alienda Lodwar siku moja kabla ya mahojiano, akalala kwa Awoi, aliyesoma naye chuo. Awoi alimsalimu kwa "ejok!" ya kusikika mtaa mzima, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasonya.

"Huyo mzee anakufunza kufeli, dadangu. Hebu nionyeshe uso wa kesho."

Hani akakaa wima, akatazama mbele, midomo ameibana.

"Hiyo uso ni ya matanga ama ya bembea?" Awoi akaangua kicheko. "Watoto wa watu watakimbia wafike Eliye Springs!"

Wakacheka wote wawili, lakini usingizi wa Hani haukuwa mzuri.

Asubuhi waombaji waliketi kwenye benchi chini ya turubai. Gurudumu kubwa la bustani lilikuwa bado limelazwa mchangani, likisubiri kusimamishwa. Hani alikuwa akijirudia majibu yake kimoyomoyo alipomwona Kullow akiingia langoni. Shati lake limepigwa pasi. Alimnong'oneza karani jambo, karani akaitikia kwa kichwa, naye akaenda kuketi mwisho kabisa wa benchi bila kumtazama binti yake.

Hani akaikumbuka ile simu ya Jumapili. Kumbe alikuwa na ujasiri wa kuja mpaka hapa!

Jina lake likaitwa.

Ndani walikuwa watu watatu. Wakamuuliza, "Mtoto amegoma kushuka kwenye bembea, analia, na wenzake wanangoja. Utafanya nini?"

Akasikia sauti ya baba yake kichwani: usicheke. Akaiweka kando.

"Nitapanda nikae naye," akasema. "Nitalia kumshinda, mpaka yeye ndiye anibembeleze mimi nishuke."

Akawaonyesha kilio chenyewe. Mmoja wao akacheka hadi akavua miwani, na Hani naye akacheka, macho na mdomo pamoja. Akajua imekwenda vizuri. Hapo ndipo hasira ilipompanda kwelikweli, kwa maana sasa kulikuwa na kitu cha kunyang'anywa.

Alitoka akaenda moja kwa moja hadi mwisho wa benchi.

"Umekuja kuwaambia wasinichukue."

Kullow akatazama chini.

"Kwa nini, Aabo? Useme mbele yangu, basi."

Mlango ukafunguliwa nyuma yao.

"Watu wa bembea tumemaliza," karani akatangaza. "Imebaki nafasi ya kuvaa vazi la ngamia na kuwachekesha watoto. Mzee Kullow, karibu ndani."

Kullow akainuka. Akavua kofia yake, akampa Hani amshikie.

"Muulize huyo rafiki yako Awoi," akasema, "kama anajua nyumba ya kupanga hapa Lodwar, yenye vyumba viwili."