Kura ya Malkia Mama

Kila Ijumaa vitabu hubadilika kufuata kura za wasomaji, na maneno ya zamani hayabaki popote. Riwaya ya marehemu binti yangu Zuhura, ya malkia wa nchi ya kufikirika, inasomwa mtaa mzima.

"Mama Zuhura, yule malkia mama ananichosha," aliniambia jirani yangu Bi Tatu tukichambua mchicha. "Kila kukicha yuko kwenye mswala! Nimempigia kura aondoke."

"Mie namuonea huruma," alidakia mkwewe, Hadia. "Mjane, halafu mwanawe mgonjwa."

"Basi nenda ukaombe dua pamoja naye!"

Wakacheka. Nilishindwa kuwaambia kwamba malkia yule ni mimi, kwamba Zuhura alimwandika akiwa kitandani hospitalini, akinitazama nikimwombea.

Baada ya swala ya Ijumaa nikafungua kitabu. Penye mswala amesimama malkia kijana mwenye upanga, hana mtoto. Maneno ya mwanangu, "Mama, pumzika sasa," hayapo.

Chini kitabu kikauliza kama nimependa. Ukijibu hapana mara tatu, hutaweza kukifungua tena, nami nilishajibu hapana mara mbili. Nikaandika ndiyo, maana jina lake bado lipo kwenye jalada.