Zizi la Pili

“Na hiki kikifa,” Didace aliuliza kwa mara ya tatu, “vyote vilivyomo vinakufa nacho?”

Fredrick, mwenye duka la kompyuta pale Mpanda mjini, alicheka kidogo. Alisema tangu afungue duka hajapata mteja mwangalifu namna hii. Wengine huuliza rangi tu.

Mezani palikuwa na visanduku viwili vya kuhifadhia. Kimoja kipya, cheusi, kina diski mbili ndani. Kinachoingia katika hii kinaingia na katika ile. Cha pili kilishatumika kwenye ofisi ya watu, kina diski moja, ubavu umechubuka, na feni yake inakoroma kama mtu mwenye mafua. Vyote vina kazi moja: unakiunganisha na wifi ya ofisi ya kwaya, na kila mwanakwaya mwenye simu anafungua nyimbo zilizomo.

Didace hakuacha kukitazama kile kilichochubuka. Alikaa, akasimama, akaenda mlangoni kuangalia pikipiki yake ambayo hakuna aliyeigusa, akarudi. Mkoba wa kompyuta ulikuwa kwapani, zipu imefungwa mpaka mwisho.

Kwenye benchi, mama Ng'washi alikuwa ametulia tuli. Alikuwa amerudi asubuhi hiyo kutoka kijiji cha Kasokola, alikokwenda kusalimia, vumbi la njiani bado liko kwenye ndala zake. Marehemu mume wake, Mwalimu Melkiadi, ndiye aliyetunga na kuimbisha nyimbo za kwaya yao ya Kawajense miaka ishirini. Jumapili hii unatimia mwaka tangu azikwe. Kanisa zima lingekaa kimya kumsikia tena, na sauti yake yote, nyimbo arobaini na moja, alikabidhiwa Didace, katibu wa kwaya, katika kompyuta hiyo. Ndiyo maana mama huyu alikataa kubaki nyumbani. Alisema mume wake hawezi kuhamia nyumba ambayo yeye hajaiona.

Kila ikitajwa Jumapili, Didace aliubana mkoba zaidi.

“Mjukuu wangu,” Ng'washi alimwita Fredrick, “hizo diski zako mbili zinalala zizi moja?”

Fredrick hakuelewa. Mama akamweleza polepole, kama anayechambua mchele. Kwao Wasukuma, na hata walipohamia huku na mifugo, mtu mwenye akili halazi ng'ombe wote zizi moja. Wengine huwapeleka kwa rafiki, mbali kidogo. Zizi lao la pili yeye na marehemu lilikuwa Kasokola, kwa mzee Abednego. Ugonjwa ukiingia huku, kule mbegu inabaki. Mzee Melkiadi kila alichokipenda alikifanyia hivyo hivyo.

Fredrick akakuna kichwa, akakiri. Diski moja ikichoka, nyingine inabaki, hapo sawa. Lakini zote ziko sanduku moja. Mwizi akija anabeba zote, radi ikipiga zinaungua zote. Lazima nakala nyingine ikae nyumba nyingine. Akasema kuna watu wanalipa ada chuoni miaka mitatu ili waambiwe hilo alilolisema bibi kwenye benchi.

Aliposikia neno radi, Didace akaenda tena kuangalia pikipiki.

Aliporudi alikuwa ameamua. Wachukue cha diski moja.

Fredrick alishangaa. Michango ya kwaya ilitosha kile kipya na chenji ingebaki. Kile cha zamani hakina hata dhamana, alikiweka pale kwa ajili ya wanaojifunza ufundi. “Katibu, nakwambia ukweli, hiki kinaweza kukuzimikia hata kesho.”

“Hicho hicho,” alisema Didace. Kisha akaongeza upesi kwamba kwaya ni watu wanyenyekevu, hawapendi makuu.

Ng'washi hakubisha. Aliuliza tu kama Didace analala siku hizi, maana macho yamekuwa mekundu. Halafu akakumbusha kwamba zamani, kila Jumapili jioni, Didace alikuwa anapita nyumbani kwake na kompyuta, anampigia wimbo mmoja kabla ya chai. Tangu zile mvua kubwa za Machi hajapita tena.

“Betri imechoka, mama.”

“Mara ya mwisho ulisema shamba linakubana,” Ng'washi alisema, wala si kwa ubaya.

Fredrick alikiwasha kisanduku. Kikaanza kukoroma. Akavuta waya, akanyoosha mkono apewe kompyuta, aziingize nyimbo pale pale, bure, dakika kumi tu. Didace akasema atafanya mwenyewe nyumbani. Fredrick akakataa, kitu kigonjwa namna ile lazima kijaribiwe mbele ya mteja. Na mama akaongeza kuwa anataka amsikie mzee wake akiingia.

Ikawa hakuna pa kwenda. Wote wawili walikuwa wanautazama mkoba. Didace aliuweka mezani, akashika zipu, akaiachia.

“Mama,” alisema, akausukuma mkoba kando.

Ng'washi aliinuka kwenye benchi. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kikaratasi cha nailoni, na ndani yake memori kadi ndogo kama punje ya hindi. Akamwambia Fredrick azime hicho kinachokoroma, awashe kile cheusi.

“Nyimbo hizi zilikuwa Kasokola, kwa Abednego,” alimwambia Didace, akimwekea kadi kiganjani. “Zako najua ziliungua na ile radi ya Machi, mwanangu. Ungeniambia tu, usingehangaika hivi kutafuta kisanduku cha kusingizia.”