Mlango Uliobaki

Jumatano ya tarehe kumi na mbili Agosti, Mzee Ngwale akiwa kijijini anamzika mkewe, halmashauri ilibomoa nyumba yake. Kilichobaki kizima ni mlango wa mbele. Siku ya kesi akauleta mahakamani kwa mkokoteni.

“Mzee wangu, hapa si kwa seremala,” karani alimtania.

“Najua. Ni kwa wakubwa. Nimewaletea walichosahau kubomoa.”

Ndani, wakili wa halmashauri alisema sheria ilifuatwa. Notisi ilibandikwa kwa gundi kwenye mlango wa mbele mwezi mzima kabla, ili mwenye nyumba aje asikilizwe, naye hakuja.

“Mlango wenyewe ndio huu, Mheshimiwa,” alisema Mzee Ngwale. “Rangi alipaka marehemu, mwaka jana. Gundi yao ukiibandua inang'oka na rangi. Wanionyeshe palipong'oka. Ningejua, si ningekuja kusema nikiwa bado nina nyumba?”

Hakimu alishuka kitini, akaupapasa mlango wote kwa kiganja. Ulikuwa laini, ila karibu na komeo palikuwa na alama za vidole vya mtu aliyejaribu kama rangi imekauka. Mkono wake ukatulia hapo.

“Wakili,” aliuliza bila kugeuka, “notisi mlibandika mlango upi?”