Nembo ya Ala Saba

Meneja wa jumba la maigizo alizishika karatasi zile kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya mfu kwa mkia. Akazitupa mezani.

"Kefule!" akasema.

Ukurasa wa kwanza, jina la Ala Saba lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja wa wino. Chini yake, kwa mwandiko uleule ulioandika noti zote, palikuwa na jina la mnakili.

Ala Saba! Mtu anayeweka chini tarumbeta akaokota saksafoni, akaacha saksafoni akakaa kwenye piano, na wimbo haujaisha. Miaka thelathini bendi yake ya jazi ilijaza kumbi. Miaka hiyohiyo, kila igizo lenye nyimbo katika jumba lile lilipangiwa muziki na yeye: nani apulize, nani apige, nani anyamaze. Meneja mwenyewe alijifunza piano utotoni kwa vitabu vyake. Leo mwanamke wa chumba cha chini, ambaye kazi yake ni kunakili noti kwa wino safi, anataka kuvuna asipopanda!

"Mwiteni," meneja aliagiza. Mabango ya igizo jipya yalikuwa yaende kuchapwa saa sita mchana, na jina la mpangaji wa muziki lingekuwa moja tu. Mwenye kuumbuka angetoka mlangoni siku hiyohiyo, na asirudi.

Mnakili akaja. Sweta kuukuu, madoa ya wino kifuani, mkono wa kushoto mfukoni. Miaka mitatu tangu ashike jumba lile, meneja alikuwa hajamwona akiutoa mkono ule, hata kwa salamu. Hata akiandika, karatasi alizikandamiza kwa pasi mbovu, utadhani kuzigusa ni kazi ya watumwa wake. Zamani meneja aliona ni maringo. Leo aliona ni uchafu mtupu.

Ala Saba alikuwa ameshakaa kwenye kochi, suti imenyooka, kofia gotini, uso wa matanga.

"Usimfokee, mwanangu," alisema kwa upole. "Ni shemeji yangu huyu. Ndugu yangu alipofariki, miaka thelathini sasa, mimi ndiye niliyemleta hapa, akapata pa kujishikiza. Lakini ndiyo hivyo, shukrani ya punda ni mateke."

Meneja akamgeukia mnakili. "Karatasi hizi ameziandika nani?"

"Mimi."

"Sikuulizi aliyenakili. Nakuuliza aliyepanga muziki."

"Nimeshakujibu, mwanangu. Mimi."

"Miaka yote hiyo ulikuwa kimya, leo ndiyo umekumbuka?"

"Leo nimechoka."

Macho makavu, wala haya hana! Meneja akafungua kabati, akatoa vitabu vitatu vya zamani vya Ala Saba, akavitandaza kando ya karatasi mpya.

"Mimi noti nazisoma, usinione hivi. Tazama sehemu ya piano, mkono wa kushoto. Noti tatu kwa mpigo, hazizidi hata siku moja. Tena zimebanana, hazitanuki. Hapa. Na hapa. Na hiki cha igizo la kwanza kabisa, vilevile." Akamtazama mzee. "Si ndiyo nembo yako, Mzee wangu?"

"Tangu igizo la kwanza," Ala Saba alitabasamu. "Magazeti yaliiita unyenyekevu."

Na kweli ulikuwa unyenyekevu. Akipiga mwenyewe jukwaani, viganja vyake vipana kama sinia, mkono wa kushoto ulitambaa piano nzima. Kwenye karatasi tu ndiko alikojizuia. Meneja alikuwa amewasimulia wageni wengi jambo hilo, kila mara kwa fahari.

"Na nembo hiyohiyo imo humu, kila ukurasa," alimwambia mnakili. "Umemwibia mpaka pumzi yake! Mtu aliyekufuta machozi! Wallahi nikikutazama nasikia kichefuchefu."

"Tangu igizo la kwanza," mnakili alirudia, taratibu. "Umemsikia mwenyewe?"

"Nimemsikia."

"Basi muulize kwa nini tatu."

Ala Saba akakaa wima. "Jamani, saa zinakwenda. Mabango yanasubiri."

"Nakuuliza wewe, simuulizi yeye!" Meneja alikuwa ameshapandisha mori. Alitaka kumkomesha, amwone akinywea mbele yake. "Piano ile pale. Kaa upige, tuone kama hata pa kuanzia unapajua."

"Hakuna haja, mwanangu," mzee akadakia, na kofia ikamdondoka. "Usimvunjie mtu mzima heshima. Mwache aende zake, mimi nimeshamsamehe."

"Mimi sijamsamehe."

Meneja akaenda mwenyewe, akafunua piano, akavuta kiti kwa kishindo. Mnakili akaketi. Akaanza kwa mkono wa kulia peke yake, wimbo wa kufungulia igizo la kwanza, uleule ambao meneja aliujifunza akiwa na miaka saba. Aliupiga bila kutazama.

Kisha akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akauweka mahali pake. Kidole gumba, cha shahada, cha kati. Vingine havikuwapo, palikuwa na kovu la zamani tu.