Onyo la Njano

"Mama, nyekundu ndiyo kosa, programu inagoma. Njano ni onyo tu, kelele. Bonyeza iende zahanati!" alifoka mwalimu, kijana ambaye Esnath angeweza kumzaa.

Darasa la jioni la kompyuta kijijini Ibighi likacheka. Kidole cha Esnath, cheusi kwa utomvu wa majani ya chai, kilibaki hewani juu ya kibodi.

Programu ya mwalimu ilikuwa ya kupanga dozi za malaria za watoto. Esnath akamwomba Mungu kimoyomoyo, kisha akalifafanua onyo kwa sauti: uzito wa mtoto umeandikwa, lakini hautumiki popote.

"Kwa hiyo wa kilo nane na wa kilo thelathini, wote vidonge vinne?"

Kicheko kilikatika.

"Rudi shambani, mchuma chai wewe!" aling'aka mwalimu.

Akanyoosha mkono abonyeze mwenyewe. Esnath akaudaka, akaung'ang'ania.