Mdomo wa Wifi

Siku ya tatu ya msiba wa mumewe, Mwanaidi alikuwa hajapata hata lepe la usingizi. Akamwona wifi yake, Saumu, ameinamia cherehani akimshonea gauni la eda, midomo kaibana.

"Umeninunia? Basi rudi kwako, usinishonee kitu."

Saumu hakufungua mdomo, alitikisa kichwa tu.

"Lala kwanza, mjukuu wangu," bibi yake Mwanaidi akamsukumia mto. "Ugomvi hauozi, utaukuta."

Alipoamka alasiri, Saumu alikuwa palepale, midomo vilevile. Safari hii Mwanaidi aliziona pini tano alizozibana mdomoni, na macho yaliyovimba kwa kumlilia kaka yake.

"Wifi, nimekukosea."

Saumu akaanza kuzitoa pini, moja moja. Mwanaidi akakaa kitako, akimtazama mdomo.