Choo cha Digidigi

Nyika yote ilikauka, ukabaki mkole mmoja tu wenye majani na matunda. Kindi akajitangaza kuwa ndiye mwenye mti.

"Mimi nazika mbegu za kesho," alimwambia Digidigi. "Wewe unakula tu. Una faida gani?"

Digidigi aliokota matunda yaliyoanguka, na kila alipobanwa alitembea hadi palepale walipojisaidia wazazi wake.

Kindi alicheka mpaka mkia ukatikisika. "Njaa yote hii, na bado unachagua choo!"

Kisha tembo akapita, akaung'oa mkole na mizizi yake. Mvua ilipokuja, Kindi alifukua mashimo yake yote, akakuta mbegu ngumu vilevile kama changarawe. Lakini zilizopitia tumboni mwa Digidigi zilikuwa zimelainika. Juu ya rundo la kinyesi chake, miche ya mkole ilisongamana kama watoto kwenye mkeka.

Kindi alikuja ameinamisha kichwa. "Ndugu yangu, nigawie hata mmoja."

"Chukua utakayo," alisema Digidigi. "Ikizaa, kula ushibe. Ila ukibanwa, mzee, njoo tuchangie choo."